Farasi Mwekundu wa Marehemu Dunstan

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Kama umeshalifungua, nakusihi kwa jina la somo wako wa ubatizo: usimwambie mtu hata neno moja. Meneja Wendelin asijue. Albina ndiye asijue kabisa. Mimi ni karani wa ushirika wa kahawa, bado niko kwenye majaribio, na mama yangu ananitegemea.

Jumatatu, 10 Julai 1995. Mbinga

Baridi kali. Jana nilisema uongo, tena nje ya kanisa.

Mama Restituta alikuwa akitangaza kwamba Jumamosi ni misa ya mwaka mmoja tangu mumewe, mzee Dunstan, atutoke. Ana ombi moja tu: gari la marehemu lifike mlangoni mwa kanisa likiwa safi. Ni Mustang nyekundu ya mwaka 1968, pua ndefu, farasi wa chuma anakimbia mbele. Mhandisi mmoja Mzungu alimwachia Dunstan, dereva wake, alipokuwa anarudi kwao. Mji mzima huliita Farasi. Injini ilikufa zamani. Kutu imekula milango. Kuku hutagia kiti cha nyuma.

Glorious akasema atalivuta kwa pikapu yake. Huyu ni kijana wa ziwani, mnunuzi wa kahawa wa kampuni binafsi, na ana meno mazuri. Albina, binti wa marehemu, akamtazama. Akamtazama tena. Ndipo nikasikia sauti ikisema kwamba kunyoosha bodi na kupaka rangi aachiwe yeye, kwani alisomea. Ilikuwa sauti yangu.

Nilisomea! Nilisomea utunzaji wa majalada.

Mama Restituta alinishika mikono yote miwili, akalia. Sasa nitakataaje?

Jumanne, 11 Julai

Nimepiga msasa tangu nitoke kazini. Kutu haiishi, gari ndilo linaloisha. Mlango wa kushoto una tundu la kupitisha kichwa. Fundi wa kweli angekata bati akachomelea. Mimi nimekata jalada gumu la ofisi, nikalibandika kwa gundi, nikaziba kingo kwa puti ya madirisha. Ukiligonga linalia kama ngoma. Mtu asiligonge.

Albina aliniletea chai, akauliza kama hivyo ndivyo magari yanavyotengenezwa. Nikamjibu ndiyo njia ya kisasa. Akasema, "Ahaa." Ile "ahaa" sikuipenda.

Jumatano, 12 Julai

Rangi niliyoagiza imefika kutoka Mbamba Bay juu ya lori la usipa, dagaa wa ziwani. Ni rangi ya boti. Dereva alinieleza kuwa haiogopi maji, ila inakauka taratibu. Sikuuliza taratibu kiasi gani. Mtu aliyesema alisomea hawezi kuuliza. Gari litanuka samaki mpaka Krismasi.

Nimeazima, yaani sikuomba, bomba la ushirika la kupulizia kahawa mrututu, dawa ya kuvu. Nimelisuuza mara mbili.

Alhamisi, 13 Julai

Nilipaswa kulisuuza mara tano. Kwanza ilitoka buluu ya mrututu! Ubavu mmoja umekuwa zambarau kama altare wakati wa Kwaresima. Halafu thina, ile ya kuzimulia rangi, ikalainisha mipira ya bomba, bomba likatapika juu ya viatu vyangu vya kazini. Nikamalizia kwa brashi.

Lakini ukisimama mbali, jua likikupiga machoni, ni gari jekundu. Mama Restituta alisimama mbali. Akasema Dunstan angekuwa hai angelipigia honi mji mzima. Kwa dakika nzima nikajiona mtu.

Kisha akatazama milima akasema, "Mwanangu, ukungu wa Julai huu utalilowesha."

Nikafikiri haraka, jambo ambalo sipaswi kulifanya. Kila jioni watu hapa hufunika kahawa yao inayoanikwa, na asubuhi kahawa ni nzima. Nikakimbia ghalani, nikachukua magunia mapya ya ushirika. Nikamfunika Farasi kuanzia pua hadi mkia, nikakandamiza kwa mawe. Vizuri.

Ijumaa, 14 Julai

Glorious alipita, akataka kuona. Nikamwambia rangi ya namna hii huhitaji giza. Akacheka: "Msomi, hiyo ni rangi au uyoga?" Albina naye akacheka. Nimelala bila kula.

Jumamosi, 15 Julai



Asubuhi magunia yaligoma kutoka. Tulivuta kama watu wanaochuna mbuzi. Farasi sasa ana manyoya ya katani, na mwili mzima una nakshi ya gunia. Juu ya boneti kumebaki herufi nyeusi, kubwa, zimegeuka kinyume. Wino wa magunia umehamia kwenye rangi. Hakuna aliyeweza kuzisoma. Nikasema ni mapambo. Mama Restituta akasema ni mazuri, yanafanana na Kilatini.

Nilipaswa kukiri pale pale. Sikukiri.

Glorious akafunga kamba. Mama Restituta akakaa nyuma, picha ya marehemu mapajani. Mimi nikashika usukani. Tukaenda polepole, watu wakitoka majumbani kutupungia. Wazee walivua kofia.

Mlangoni mwa kanisa Glorious akasimama, akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni cha pikapu.  Akatazama tena. Ndani ya kioo herufi za kinyume zilikuwa zimenyooka! Akasoma kwa sauti ya mnada: "MALI YA USHIRIKA!" Kisha akawageukia watu: "Jamani! Nchi nzima inabinafsisha, bwana karani ametaifisha gari la marehemu!"

Walicheka mpaka padri akatoka sakristia.

Mama Restituta hakucheka. Aliikumbatia picha, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli, kama ushirika utamchukulia gari la Dunstan. Nikashuka, nikaanza kukwangua herufi kwa ukucha. 

Meneja Wendelin akaja na suti yake ya misa. Akagonga mlango wa kushoto. Ukalia kama ngoma, kisha jalada likaanguka miguuni pake. Upande wa ndani, usiopakwa rangi, kwa mwandiko wangu safi: BARUA ZA MENEJA.

Aliliokota, akalisoma. Akasema, watu wote wakisikia, "Mama, gari ni lako. Magunia ndiyo yetu." Mimi akaniambia tuonane Jumatatu, saa moja na nusu.

Mama Restituta alishuka. Alipopita kwangu akanishika bega: "Umelifikisha, mwanangu." Heri angenipiga kofi. Nilibaki nje misa nzima, nikichomoa nyuzi za katani kwenye boneti moja moja. Albina alitoka kuniangalia, akarudi ndani.

Jumapili, 16 Julai. Litembo

Nimekimbilia kwa mama. Nimeungama kwa padri asiyenijua. Aliuliza kama najuta. Najuta mpaka tumboni. Nimeapa: sitasema tena najua nisichokijua.

Nilikuja na nusu kopo la rangi iliyobaki. Kuiacha ingekuwa ubadhirifu, kwa hiyo mchana nimempaka mama mlango wake. Jirani, mwalimu mstaafu Placidi, alipita akausifu, kisha akaniambia Landrova yake inaliwa na kutu. Akaniuliza kama ninajua kazi hizo.

Nikamwambia nilisomea.

Kosa nimeshaligundua, lilikuwa magunia. Mara hii nitafunika kwa blanketi la mama.

Basi, msomaji, kama wewe au ndugu yako mna gari lenye kutu, njoo ofisi ya ushirika Mbinga, dirisha la pili, useme umekuja kuuliza habari za mbolea. Usilitaje gari. Ukikuta nimeshafukuzwa, panda Litembo, uliza nyumba ya mama yangu, mama Tereza, nyuma ya hospitali, yenye mlango mwekundu. Piga hodi kwa mdomo. Usiuguse mlango, haujakauka.