Jante Mpya za Break ya Papa

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Papa amepanda treni asubuhi kwenda Luena kumwona mwenzake wa zamani wa reli, ambaye anaumwa. Atarudi Jumatano. Kwa treni zetu, Jumatano ni neno la kutia moyo tu. Jumamosi yaya Clémentine, dada yangu mkubwa, anaolewa.

Kikao cha kamati ya arusi, sebuleni kwetu. Mwenyekiti: tantine Marie-Thérèse, mdogo wake mamu. Mireille, dada ya bwana-arusi, alifika kutoka Base, kambi ya jeshi, na kalamu za rangi tatu. Tulisoma darasa moja miaka sita. Mimi wa kwanza, yeye wa pili, kila mwaka. Hajanisamehe. Mimi pia sijamsamehe, sijui kwa nini.

Akasoma orodha ya magari. Jeep ya mjomba wake wa jeshi: kumbeba bibi-arusi. Break yetu, lile gari refu la Papa: kubeba masufuria.

Masufuria! Yaya atoke nyumbani kwa baba yake ndani ya gari la watu wengine, na gari la baba yake lifuate nyuma limejaa samaki! Nikasema break hiyo ilitupeleka wote kubatizwa. Mireille akajibu kwa upole, ule upole wake: "Njo vile, ndugu yangu. Iko na mulango mukubwa ya nyuma. Masufuria itaingia bila kusukumana." Akachungulia dirishani, akatazama magurudumu. "Na ile magulu yake... utasema gari ya makala."

Tantine akakata shauri. Ijumaa kamati itayakagua magari yote mawili, ndipo itaamua.

Tulipokuwa tukiosha vikombe, yaya aliniambia polepole kwamba angependa sana kutoka na gari la Papa. Kisha akaniomba nisifanye kitu chochote. Alirudia: kitu chochote.

Nimefikiri sana. Injini nzuri. Viti vizuri. Rangi nyeupe, au karibu. Tatizo ni magurudumu: chuma cheusi, kutu pembeni. Kwa hiyo, jante za alumini, rimu zenye kung'aa. Nina licence ya hesabu, ya chuo kikuu. Hii ni kazi ya siku moja.

Jumanne, tarehe 13 Agosti

Siku ya kuchagua. Nilikwenda na Esdras, kwado anayeziba pneu zilizotoboka karibu na gare ya treni na kuimba besi katika kwaya yetu.

Jante za kwanza, sokoni: nzuri mno! Zina matundu matano. Break yetu ina bulo nne za kukaza gurudumu. Nikapendekeza tutoboe. Esdras akaniuliza kama nililala vizuri. Kisha akasema: "Mwalimu, weye njo unafundishaka batoto hesabu. Ine na tano iko sawasawa?"

Jante za pili: rangi ya dhahabu, matundu manne. Lakini ziko tatu. Nikasema gurudumu la nne, letu la kutu, tungeliweka upande ambao watu hawasimami. Esdras akaanza kuimba, ili asinijibu.

Jante za tatu, huko Base, nyumbani kwa Mama Tshala, mke wa ajidani wa jeshi. Zilitoka kwenye gari la ofisa mmoja, gari ambalo lilikufa. Nne. Zimevaa pneu zake. Matundu manne, nilihesabu mara mbili. Zina vipande vitano kama nyota, na zinang'aa hata kivulini. Esdras akapima kwa kiganja na kutikisa kichwa: zetu ni za inchi kumi na nne, hizi ni za kumi na saba. Nikamweleza kwamba duara likiwa kubwa, uzuri wake unaongezeka. Akasema duara likiwa kubwa, nafasi yake inapungua. Mtu mwema, lakini hakufika hesabu za juu.

Mama Tshala hauzi. Anataka kubadilishana. Tumpe magurudumu yetu manne ya chuma, na pneu zake, kwa ajili ya kaka yake anayeleta samaki kutoka Kabondo-Dianda. Katika barabara ile, alisema, alumini inavunjika kama biskuti, ila chuma kinapinda tu, unakinyosha, unaendelea na safari.

Nimekubali kabla hajamaliza. Nyota nne kwa kutu nne! Nilimwonea huruma.

Jumatano, tarehe 14 Agosti

Papa hajafika. Mkuu wa gare anasema mashine ya treni imelala njiani. Mungu ni mwema. Nimemwombea Papa uvumilivu.

Esdras alifanya kazi kwa saa nne. Kaka ya Mama Tshala akabeba magurudumu yetu yakiwa bado na joto la mikono, akaondoka palepale kwenda Kabondo-Dianda. Break imeinuka! Inasimama kama mwanamke aliyevaa viatu virefu kwa mara ya kwanza.

Nikaitoa barabarani. Kona ya kushoto: hariri. Kona ya kulia: KRRRRRR! Kuku walikimbia. Pneu inauma bati upande ule, pale Papa alipowahi kugonga nguzo. Esdras hakusema "nilikuambia". Alivuta pumzi tu, besi, kwa muda mrefu.

Mtu asiye na elimu angelia. Mimi nilichukua karatasi. Kona moja ya kulia ni sawa na kona tatu za kushoto. Jambo hili halina ubishi. Kutoka nyumbani hadi kanisani kuna kona mbili za kulia na moja ya kushoto. Tatu, na tatu, na moja: saba. Kona saba za kushoto, na yaya anafika mlangoni pa kanisa bila sauti yoyote. Mafundi wangeligombana na gari siku nzima. Mimi nimegombana na mji, na nimeushinda.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Mazoezi. Mamu aliniona nikipita mbele ya nyumba mara ya nne, akauliza ninatafuta nini. Nikasema hewa. Akaziangalia jante, akauliza kama Papa anajua. Nikajibu kwamba Papa atajua. Sikusema uongo.

Nimezisugua kwa dawa ya meno. Ya nyumba nzima. Yaya alipiga mswaki kwa chumvi, hakuuliza kitu. Ninahisi anaanza kuniamini.

Ijumaa, tarehe 16 Agosti

USHINDI!

Kamati ilifika saa tisa. Jeep ya mjomba ilikuja na vumbi lote la barabara ya Base. Break yetu ilikuwa kivulini, imefunikwa shuka. Nikavuta shuka. Tantine akainama, akajiona ndani ya jante, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Nilijua tumeshinda.

Mireille akazunguka gari. Akasema: "Muzuri. Tutembeze basi." Nikawazungusha. Kushoto, kushoto, kushoto. Kwenye njia panda ya gare akasema: "Sasa kata kuume." Alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema haiwezekani. Nikasema kwetu, familia za reli, bibi-arusi hatoki akikata kulia. Anakata kushoto, upande wa moyo, mpaka afike kanisani. Mireille akasema hajawahi kusikia jambo hilo. Nikamjibu kwamba ndiyo maana tunaoana na watu wa Base, ili wajifunze.

Tantine alifuta machozi. Akasema bibi yake pia alikuwa akisema kitu kama hicho. (Bibi yake alikufa kabla mamu hajazaliwa.) Akaandika palepale katika programu: msafara mzima, magari yote, kona za kushoto tu.

Uamuzi: bibi-arusi katika break. Masufuria katika jeep. Nilimwangalia Mireille akilifuta jina la yaya kwenye mstari wa jeep kwa kalamu nyekundu. Yaya akanikumbatia. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama nina hakika. Nilikasirika kidogo.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Nilihesabu kila kitu. Nilisahau nyundo.

Papa alifika saa mbili asubuhi, miguu imejaa vumbi, koti begani. Misa saa nne. Aliikuta break imevaa maua na utepe. Akaingia ndani, akatoka na nyundo yake ya mpini mrefu.

Ninapaswa kuandika hili kwa utulivu. Papa alikuwa visiteur katika reli, miaka thelathini na mmoja. Treni ikisimama, yeye hutembea kando yake, anagonga kila gurudumu, anasikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linasema pwa. Behewa linalosema pwa linachorwa msalaba wa chaki na kuachwa pale lilipo, hata kama limebeba mizigo ya gavana.

Akagonga jante ya kwanza. Pwa.

Ya pili. Pwa. Alifunga macho ili asikie vizuri zaidi. Ya tatu, ya nne. Wazee watatu wa reli, walioalikwa, walisimama nyuma yake na kuvua kofia.

Nikamwambia kwamba alumini hailii kama chuma, na kwamba hazina ufa hata mmoja. Nikaandika mlinganyo wa wimbi la sauti kwenye vumbi, mbele ya wageni. Papa aliusoma wote, kwa heshima. Akasema: "Émerence, sauti iko sauti." Akatoa chaki mfukoni, akachora msalaba kwenye mlango mweupe, juu ya utepe. "Hii inabakia. Mutoto yangu hatapanda."

Akauliza magurudumu yake yako wapi. Nikamwambia Kabondo-Dianda. Akakaa chini kwenye kizingiti.

Yaya alikuwa amesimama mlangoni na vazi lake jeupe, maua mkononi. Hakunilaumu. Alisema tu: "Basi, Papa, tutaenda na nini?"

Tukaita jeep. Ilikuwa imejaa: masufuria sita, samaki katika mafuta ya mawese, kreti za bia. Mireille alishuka. Nilingoja acheke. Hakucheka! Akafungua mlango, akahamisha sufuria kubwa kuliko zote, akaketi na kuipakata juu ya nguo yake mpya, ili yaya apate nafasi. Nimekesha nikitafuta hila iliyofichwa hapo. Bado sijaiona.

Papa akakaa juu ya kreti, kando ya yaya. Hapo ndipo dereva alipotaka kukata kulia, na tantine akapiga kelele kutoka gari la wageni lililofuata nyuma, akipunga programu. Msafara mzima ukakata kushoto. Mara saba. Kwenye kona ya tano samaki walitoka ndani ya sufuria. Mireille aliingia kanisani akiwa na rangi ya chungwa kuanzia magotini. Yaya alinukia kama soko la Kabondo-Dianda, na padri alipiga chafya katikati ya viapo.

Mimi nilifuata kwa miguu. Nilikata kulia. Nilifika wa kwanza.

Jioni yaya alinivuta pembeni. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu. Aliniambia kwamba njia nzima Papa alimshika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu darasa la kwanza, na kwamba hakutamani gari lingine. Sikuelewa jambo hili linahusiana vipi na jante.

Jumapili, tarehe 18 Agosti

Baada ya misa, msichana mmoja anayeolewa mwezi ujao alimsimamisha tantine na kumwomba amfundishe desturi ya kushoto. Tantine alimfundisha. Ameongeza mambo mawili.

Papa ameniagiza niyarudishe magurudumu yake. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Tshala. Kaka yake atarudi Ijumaa, barabara ikimruhusu. Anakubali tubadilishane tena. Nikashukuru, nikaaga. Mambo yalikuwa yamekwisha kabisa.

Nimetafakari njiani, kwa ukali, bila kujionea huruma. Kosa langu liko wazi: nilianzia chini. Watu waungwana hawaangalii magurudumu. Bibi-arusi anapopita, watu huangalia juu.

Nikarudi kwa Mama Tshala. Nilikuwa nimeliona lile gari lililokufa, nyuma ya nyumba yake. Paa lake lina dirisha la kioo linalofunguka. Bibi-arusi anaweza kusimama ndani yake mpaka kiunoni, akipungia watu mkono!

Mamu anasema sasa ni zamu yangu kuolewa. Hakuna mchumba bado, lakini hilo ni jambo dogo. Paa la break yetu ni tambarare, bati jembamba. Nimelipima lile dirisha: sentimita themanini kwa hamsini. Msumeno nimeshaazima.