Ombi la Kumzima Nyota wa Dada Yangu Kabla ya Jumamosi

Kwa Waheshimiwa Watengenezaji wa Mchezo wa Mpira wa Kimarekani wa Kwenye Runinga,

Salamu nyingi ziwafikie hapo mlipo, pamoja na mafundi wenu wote wa kompyuta. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa roho.

Kwa kazi mimi ni fundi cherehani. Karakana yetu ya suti aliianzisha marehemu baba, na sasa naisimamia mimi mwanawe wa kwanza. Anwani yenu nimeiona nyuma ya kasha la mchezo, kwa maandishi madogo kama ya lebo ya kufulia. Kama hapo ofisini hakuna ajuaye Kiswahili, tafuteni mtu awasomee. Sisi nasi mchezo wenu tulitafuta mtu wa kutusomea, na wala hatukununa.

Mchezo huu aliuleta mdogo wangu wa kike, ambaye tunashona naye. Aliununua mtumba akidhani ni kandanda. Mimi nilipowaona wale wanaume wenye helmeti kwenye kasha nikadhani ni mashindano ya pikipiki. Sote tulikosea, lakini muuzaji alishaondoka, tukaufunga kwenye ile runinga ndogo iliyo juu ya kabati la vitambaa, tukajifunza hivyo hivyo. Sasa kila jioni, mlango ukishafungwa na vipande vya vitambaa vikishafagiliwa, mimi na dada tunakaa kwenye viti vyetu vya cherehani tunacheza. Fundi wetu wa tatu, mzee tunayemwita Babu Miwani, anakaa pembeni akimshangilia anayeongoza, yeyote awaye. Mzee mzima, msimamo hana hata chembe!

Kanuni zenu nimezielewa. Watu kumi na mmoja wanasukumana na watu kumi na mmoja, wakigombea kuupeleka mbele mpira uliochongoka kama yai. Kwa hilo sina neno. Neno langu ni hawa mnaowaita wachezaji nyota. Mmechagua wachezaji wachache mkawawekea alama ya nyota miguuni. Nyota akifanya vizuri mara kadhaa mfululizo, alama ile inawaka taa. Ikishawaka, mwenye timu anabonyeza kitufe, na kuanzia hapo huyo mtu hashikiki, hakabiki, anadaka kila kinachorushwa. Wenzake kumi wanabaki watu wa kawaida kama mimi na nyinyi. Ndugu zangu, ndivyo mlivyolelewa?

Nayaweka malalamiko kwa namba, msije mkasema hamkuelewa.

1. Katika timu ya dada kuna mdakaji mmoja tuliyempa jina la Mrefu. Dada anamrushia Mrefu, halafu Mrefu, halafu tena Mrefu, mpaka taa iwake. Ikishawaka, hata nikipanga watu wanne wamkabe, anaruka juu ya vichwa vyao na kudaka kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anawapungia mashabiki. Dada hata kioo cha runinga hakiangalii, anatafuna karanga. Tangu mchezo huu uingie humu ndani sijamfunga hata mara moja. Babu Miwani huniambia kushindwa si aibu, na huyasema hayo akiwa ameshika mbavu kwa kicheko.

2. Na mimi mmenipa nyota, mkimbiaji mnene tunayemwita Gunia. Gunia hajawahi kuwaka. Wala msiseme namwonea, maana kwenye timu yangu haki inatendeka: mpira unakwenda kwa zamu. Akikimbia nao Gunia sasa, safari nyingine anapewa wa kushoto, kisha wa kulia, kisha yule anayejikwaa, mpaka wote wauguse. Hiyo ndiyo sheria ya karakana yetu tangu enzi za baba. Wiki hii ukipachika mikono ya koti, wiki ijayo unapiga pasi, inayofuata unatia vifungo, na inayofuata ufagio ni wako. Baba alisema fundi akiachiwa kazi moja anaota mapembe. Kwa utaratibu huo tumeishi kwa amani. Yaani, tumeishi. Kwa hiyo taa ya Gunia ina hitilafu, na naomba mje muitengeneze.

3. Huu uwezo wenu unaambukiza. Dada alipozoea kushinda, alinijia mchana kweupe, kwa adabu zote sikatai, akaniambia, "Kaka, niachie mikono ya koti. Mimi ndiye Mrefu wako." Niwafahamishe kwamba mikono ya koti ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Ukiipachika vibaya bega linajikunja, na badala ya mtu kuvaa koti, koti linamvaa mtu. Mikono anayopachika dada inakaa yenyewe begani, mshono huuoni mpaka uutafute. Wateja hurudi wakiuliza, "Nani kashona mikono hii?" Nami huwajibu, "Karakana." Basi nikamwambia dada kwamba wiki hii zamu yake ni pasi. Akapiga pasi. Alipiga pasi siku nzima bila kufungua kinywa, mpaka mashati ya wateja yakanionea huruma. Sasa nawauliza: kabla ya mchezo wenu, dada yangu angeyatoa wapi maneno kama yale?

Na si yeye peke yake. Babu Miwani amenitangazia kwamba uwezo wake maalumu ni kukaa, na taa yake iliwaka zamani. Mke wangu naye nyumbani kagundua kwamba nyota yake ni kuzungumza na wageni, hivyo masufuria ni yangu. Haya, tukifuata akili zenu kila mtu afanye anachokiweza, dunia itakwendaje? Nani atafagia?

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi, na mengine yote mngeweza kuyaruka. Ng'ambo ya barabara kuna duka la suti lenye vioo mpaka chini. Mwenye duka amemtaka dada aende kwake akapachike mikono tu, asubuhi mpaka jioni, cherehani yake ikiwa karibu na dirisha. Anataka jibu Jumamosi hii. Dada aliniambia habari hizi huku akiikunja na kuikunjua futi kamba yake, haniangalii. Mimi nikamwambia aende tu, mlango uko wazi. Nilikuwa na hasira, na mlango kweli ulikuwa wazi. Akaitundika futi kamba shingoni, kisha akasema, "Haya kaka. Nifunge mara moja tu kabla sijampa jibu, nabaki. Usiponifunga, naenda." Nikakubali, ningesemaje mbele ya Babu Miwani?

Waheshimiwa, mnaona mlichonifanyia? Dada huyu nimemlea mwenyewe tangu baba alipofariki. Mimi ndiye niliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano, alipokuwa hajafika hata usawa wa meza ya kukatia. Karakana bila yeye ni kabati la vitambaa na mzee aliyekaa. Nikiona kiti chake kitupu nitashindwa hata kukata suruali ya kaptula. Yeye sijamwambia hivyo, nawaambia nyinyi. Naomba yaishie kwenu.

5. Lalamiko hili nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu. Lilihusu mama zenu.

Baada ya maelezo hayo, naomba kwa heshima muuondoe uwezo wa nyota kabla ya Jumamosi jioni, tunapofunga. Kama hamwezi kuuondoa wote, ugaweni: kila mchezaji apate kipande chake sawasawa, mpaka yule mpiga teke, ambaye siku nzima anasimama peke yake kama mtu aliyekuja msiba usio wake. Kugawa kukiwashinda, basi nyota akishawaka mara moja akae nje awapigie wenzake pasi jezi zao, mpaka zamu yake irudi. Hilo nalo likiwa gumu, mpeni mwamuzi nyota yake, nyota kubwa kuliko zote, awe anawazima anaowaona wanajidai. Na ikishindikana kabisa, kabisa, naomba Mrefu augue. Si sana. Mafua tu, yaishe Jumapili.

Nisiwachoshe, najua mna kazi. Nisalimieni wake zenu na waume zenu, watoto, mlinzi wa getini, mama anayewafagilia ofisi kama yupo, na kama hayupo basi yule ambaye ni zamu yake. Aliyembuni Gunia mwambieni sina kinyongo naye, ni kijana wake tu hajitumi.

Ni mimi mpenda haki mwenzenu,
Fundi Mkuu wa karakana (cheo hiki hakina zamu)

Nyongeza: Barua hii haikuwahi kufika posta, Jumamosi iliitangulia. Nawaandikia haya leo Jumatatu, na naomba myasome kabla ya hayo ya juu.

Kwanza, lalamiko namba 2 nalifuta. Juzi tulipoanza kucheza nilikuwa nimeshakata tamaa, na Babu Miwani akaninong'oneza, "Mpe Gunia. Mpe tena. Wee, mpe tena!" Nikampa shingo upande, huku nikiomba radhi moyoni kwa yule wa kushoto na yule wa kulia. Safari ya tatu taa ikawaka! Nikabonyeza, na Gunia akapita katikati ya watu kama mkasi mpya kwenye hariri. Taa haina hitilafu, samahanini kwa usumbufu.

Mchezo ukafika mwisho mimi nikiwa mbele kidogo tu. Mpira wa mwisho ulikuwa wa dada. Mrefu alikuwa ameshawaka, taa inameta miguuni, amesimama peke yake karibu kabisa na mstari wangu wa mwisho, mkono juu, watu wangu wote wako kwingine. Nikajua basi, dada kaondoka. Sikuweza kukiangalia kioo, nikaangalia mkono wake. Karanga hakuwa nazo siku hiyo. Kidole gumba kilikuwa juu ya kile kitufe, kimetulia. Kikaendelea kutulia. Halafu akaurusha mpira upande mwingine, kwa mtu ambaye hata jina hatujampa, mtu akaukosa, nikashinda.

Babu Miwani alirusha miwani juu, tunaitafuta mpaka sasa. Dada alisema kidole chake kilichomwa sindano mchana, ndiyo maana hakikubonyeza. Mimi sindano zimenichoma maisha yangu yote, kidole kilichochomwa nakijua. Kile kilikuwa kizima. Nikamwambia pole, akasema asante, tukafunga mlango tukaenda nyumbani.

Leo asubuhi nimeisukuma cherehani yake mpaka karibu na dirisha na kumpelekea makoti yote yanayosubiri mikono. Akaniuliza wiki hii nani atafagia, maana zamu ilikuwa yake. Ninafagia mimi, na sifagii vizuri. Mteja wa kwanza alipouliza nani kashona mikono ya koti lake, nilimwambia geuka, yule pale dirishani, mdogo wangu. Dada hakuinua kichwa, ila cherehani ilisimama kidogo.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mafua ya Mrefu yafuteni, na ule uwezo wa nyota nawasihi msiuguse. Mngeuondoa kama nilivyowaomba, ningeshinda vilevile, ningejiona hodari, na mpaka nazeeka nisingejua kwamba dada yangu alikuwa anataka kubaki.