Malkia Amenuna

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu bado yuko kwao. Kisa? Eti naitazama runinga ya kinyozini kuliko ninavyomtazama yeye. Uzushi mtupu! Mchezo ule wa video niliuweka kwa ajili ya wateja, wasichoke kungoja foleni. Foleni haikutokea, nikaona nisiache umeme uende bure. Halafu una hadithi, jamani! Majoka, wachawi, na Malkia aliyenuna akahama ngome yake. Shujaa (mimi) ndiye wa kumrudisha. Kila akisema neno, naletewa majibu matatu nichague moja. Nyumbani sijawahi kuletewa hata moja.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata mbinu! Mchezoni ukimpa mtu zawadi anayoipenda, moyo mwekundu unakua pembeni mwa kioo cha runinga. Ukirudia ileile, unakua tena. Nimempelekea mke wangu mwavuli wa maua. Amecheka. Mama mkwe akanikaribisha chai. Mambo yameiva.

Jumatano, 6 Machi
Mwavuli wa pili. Hakucheka. Chai haikuja.

Alhamisi, 7 Machi
Mwavuli wa tatu. Mama mkwe aliuliza kama nimeacha kunyoa nikaingia biashara ya miavuli. Mke wangu akasema hataki zawadi, anataka tuzungumze. Nifike Jumamosi asubuhi. Nisipofika, anapanda basi la mchana, anahamia kwa shangazi yake, na ndoa basi. Nikasimama pale nikingoja majibu matatu. Wapi! Nikamwambia naona mvua itanyesha.

Ijumaa, 8 Machi
Sikula. Nyumba imepoa. Namtaka mke wangu, basi.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa! Nilifungua mapema nijizoeze kidogo na Malkia, ulimi ulainike kabla ya kwenda ukweni. Mara akaingia mwalimu mkuu. Nimefika nusu ya kichwa chake, Malkia akatokea mlangoni, machozi yanamtoka. Mazungumzo yale ukiyakatiza, unaanza upya. Ningefanyaje? Nikachagua jibu. Akaondoka. Nikajaribu jingine. Akaondoka. Mwalimu mkuu naye akaondoka, upande mmoja umenyolewa, mwingine vilevile, amevaa kofia yangu. Nilipofika ukweni basi lilikuwa limeshatoka. Nimelia njia nzima, watu wakinitazama.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, amekuja kinyozini kuchukua ufunguo wa nyumba akabebe nguo za dada yake. Ndiye aliyeumaliza mchezo kabla yangu, na hajaacha kunitambia. Nikameza kiburi, nikamwuliza alimrudishaje Malkia. Akasema usichague jibu lolote. Weka padi ya kuchezea chini, mwache aseme mpaka amalize.

Kumsikiliza tu! Nani angewaza? Nikawasha palepale, nikaweka padi chini. Moyo ukaanza kukua! Shemeji akasema dada yake alikuwa amenisubiri mlangoni jana, na kuna jambo alimwagiza aniambie. Nikamwomba anyamaze kwanza, Malkia anaongea.