Nusu Mbio, Nusu Pasi: Uzinduzi wa Timu ya Chuo cha Walinzi, Kambi Namba Saba

Mheshimiwa Kempu Bosi, msimamizi wa kambi yetu. Mheshimiwa Mpishi Mkuu na naibu wako wa chapati. Waheshimiwa masupavaiza wa zamu ya mchana. Wajumbe wa zamu ya usiku mliohudhuria mkiwa mmelala (kicheko). Dada Proscovia uliyetoka mtaa wa Najma kwa miguu. Itifaki imezingatiwa, na ilipokosewa, imekosewa kwa heshima.

Mimi, Idrisa Mwinyihaji, Mwenyekiti wa Jumuiya yenu ya walinzi hapa ughaibuni, Industrial Area, leo Ijumaa, tarehe 14 Machi 2014, kwa mujibu wa shajara yangu ambayo sijairuka hata siku moja, nina furaha kuzindua timu ya chuo chetu ya mpira wa Kimarekani, yaani ule wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi.

Namwona ndugu Cornelius ameinua mkono tangu mlango ulipofunguliwa. (Cornelius: "Mwenyekiti, hoteli ya West Bay imenipa kazi ya ndani, kwenye AC. Wewe ukasema nisiende, chuo kinafunguliwa. Wananipigia saa kumi kamili, na simu yangu umeiweka kwenye kreti. Chuo kipo ama hakipo?") Swali zuri sana, na nitalijibu kwa kina, ndani ya mfumo mpana. Simu zitabaki kretini, kama ilivyo desturi ya lindo lolote lenye nidhamu.

Ndugu wadau, timu inayokimbia na mpira kila mara, wapinzani husogea mbele wote wakaziba njia. Na timu inayorusha kila mara, wapinzani hurudi nyuma wakasubiri. Ndiyo maana Sekretarieti yangu, baada ya vikao kumi na tisa ambavyo mimi binafsi nilivihudhuria vyote, imepitisha Sera ya Balansi, nusu mbio na nusu pasi, na katika implementesheni yake zamu ya usiku itarusha na zamu ya mchana itadaka na kukimbia. (Japheth, mlinzi wa geti: "Na hao watakutana wapi, mzee?") Getini, saa kumi na mbili, wakati wa makabidhiano, kama tunavyokabidhiana tochi, redio na funguo: mpira utaandikwa kwenye kitabu cha matukio, mpokeaji atasaini, ndipo pasi itahesabika. (Japheth: "Kwa hivyo pasi moja ni masaa kumi na mbili?") Na dakika za kusaini. Mpinzani gani ataizuia? (Makofi. Sauti: "Hata mwenye kuirusha atakuwa amelala!")

Sasa takwimu. Kufikia jana jioni mbio zetu ni sifuri na pasi zetu ni sifuri, nanyi mnacheka, lakini niambieni ni chuo gani huko Marekani, pamoja na nyasi zao na makocha wao wenye vipokea sauti masikioni, kimewahi kupata uwiano kamili namna hiyo? Wenzetu wanahangaika na sitini kwa arobaini! Na hatujapokonywa mpira hata mara moja. (Shabani, dereva wa basi: "Tutapokonywaje, kwani tunao?") Huo ni upungufu wa vifaa, Shabani, si upungufu wa uongozi.

(Simu inalia ndani ya kreti. Cornelius: "Hiyo ni yangu! Mwenyekiti, nakuomba!") Keti, kijana wangu. Wewe ndiye mrushaji mkuu, na mrushaji mkuu hatishwi na kelele za uwanjani. (Simu inalia tena. Inanyamaza.) Mmeona utulivu ule?

Balansi! Balansi! (Sauti moja: "Sifuri!") Walinzi, mbele! (Mtu anakoroma.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru walimu wa chuo, ambao bado hatujawatafuta. Nalishukuru jengo, ambalo kwa sasa ni maegesho ya malori ya maji. Nawashukuru wapinzani wetu, ambao hawajui kwamba tupo, na hawajakosea. Na zaidi namshukuru ndugu Cornelius, ambaye nilimwahidi jibu: chuo hakipo. Ila usifikiri nafasi yako imepotea. Hoteli ilitaka jina la akiba, endapo usingepokea simu, nami kama kiongozi sikuweza kumtwisha mtu mwingine mzigo huo. Naanza Jumapili. Ukipita West Bay na jua lile, simama nje ya kioo unipungie mkono, nami, kama kanuni za hoteli zitaniruhusu, nitakupungia.