Mlango wa Gereza la Merv

Kila asubuhi, kabla hata nzi hawajaamka, Mervyn Gudgeon alitoka na kitambaa chake kuupangusa mji. Mji mzima! Alianzia benki iliyofungwa, akaja posta iliyofungwa, akamalizia gereza la mawe, ambalo tangu lijengwe lilipata mfungwa mmoja tu, mlevi aliyeomba mwenyewe pa kulala. Merv alitembea kifua mbele kama jemadari anayekagua gwaride, na gwaride lenyewe mabati yenye kutu.

"Mikono, Glenys!" alifoka akipita duka la mikate. "Mlango huo ni wa mwaka 1888!"

Glenys Purtell, mwenye duka, alikuwa ameuegemea tu. Mlango wenyewe mwembamba, kiti cha magurudumu cha mumewe, Ross, hakikupita. Mwaka wa pili sasa Ross alikuwa akinywa chai kibarazani, akipungiana mikono na malori ya ngano. Glenys aliomba kuupanua. Merv, mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kale, na katibu wake, na kwa kweli kamati yenyewe, alikataa. Kanuni aliitunga yeye: kitu chochote cha kabla ya 1900 kisiguswe bila kibali kutoka makao makuu ya jimbo.

Na sasa waamuzi wa shindano la miji ya kale walikuwa wamefika mjini Tumbarindi. Mji ukishinda, kanuni ya Merv ingekuwa ya kudumu, na Ross angezeekea kibarazani.

Merv aliwapokea kwa mbwembwe! Kila jengo hotuba, kila hotuba kikombe cha chai. Waamuzi walipiga miayo hadi kofia zikawadondoka. Mwisho wakafika gerezani.

"Mlango huu," alitamba, "uliwashinda majambazi wa dhahabu wa koloni zima! Tazameni!"

Akaingia, akaubamiza. Komeo la nje likadondoka. Tak!

Merv akagonga kutoka ndani.

"Haya, fungueni."

Waamuzi wakavuta, wakasukuma. Komeo likang'ang'ania kama kupe.

"Leteni mtaimbo!" Sauti ya Merv ilikuwa imepanda. "Upesi! Nimekunywa chai nyingi!"

Glenys alikuwa nao, ule alioununua kwa ajili ya mlango wake. Alikuja nao polepole, nusu ya mji ikimfuata na pai za nyama mkononi.

"Pole, Merv!" Ross alipaza sauti kutoka kitini mwake, katikati yao. "Hata mimi milango hainitaki!"

Glenys akainua mtaimbo.

"Hapana, mama," alisema Bi Hartigan, mkuu wa waamuzi. "Mlango wa kale namna hii? Kanuni yenu ni nzuri sana, tuifuate. Kibali huchukua wiki tatu."

"Wiki tatu!" Merv alilia kama mbuzi. "Glenys, dada yangu, vunja!"

Glenys hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuweka mkono juu ya ubao wa mlango, na alipouondoa, jua likiwa kali vile, vanishi ya kahawia ilimganda vidoleni. Aliitazama. Akainama kwenye tundu la ufunguo.

"Merv, mlango huu ni wa mwaka gani?"

Ndani, miguu ilisikika ikipokezana. Bi Hartigan alisogeza sikio.

"Wa mwaka juzi," alisema Merv. "Niliuchonga mwenyewe, gerejini kwangu."