Dakika Tano Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu anapasuliwa moyo Alhamisi. Leo muuguzi katueleza. Kabla ya upasuaji watambana mkono kwa mkanda wa presha, damu isimame dakika tano, kisha wauachie dakika tano. Mara tatu. Eti moyo hupata habari kutoka mkononi, ukajiandaa, ili damu yake ikikatizwa usiumie sana. Bado wanafanyia utafiti, kasema. Nimerudi kwenye cherehani naelea. Suruali ya mwalimu mkuu nimeishona miguu yote ya kushoto.

Jumanne, 4 Machi
Yeye kaandaliwa. Mimi je? Upasuaji utachukua saa nne, nami kwenye benchi bila yeye! Nimejifunga mkono kwa lastiki ya kiunoni. Raha kidogo, kama kusinzia juani. Kisha vidole vikawa rangi ya biringani. Mke wangu kaikata lastiki kwa mkasi wangu wa vitambaa, ule usioguswa. Akauliza kama nataka tulazwe kitanda kimoja. Nikajibu kwamba ningeshukuru. Kaka yake, shemeji yangu kinyozi, kasema kinachohitaji mazoezi ni kichwa. Ana gari, basi anajiona msemaji wa ukoo.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua kosa. Moyo wangu haulishwi na mkono, unalishwa na yeye. Basi nimkose dakika tano, nimwone dakika tano, mara tatu, kabla hajaenda kulazwa saa kumi. Haba na haba.
Nikajificha nyuma ya mlango wa uani, kwenye mapazia ya mteja yanayokauka. Mara ya kwanza nilikikosa hata kikohozi chake. Niliporudi akauliza kama nakwepa vyombo. Mara ya pili nilivumilia. Mara ya tatu pazia jeupe likanifunika, nikaliona gauni lake la harusi. Nililishona mwenyewe. Mkono mmoja ulizidi mwingine, akalivaa hivyo hivyo, akacheza hadi mwisho.
Niliposhtuka, chai yake mezani ilikuwa imepoa. Shemeji kishampeleka. Jirani kasema mke wangu aliniita mara tatu, akadhani naogopa kumuaga. Nikakimbilia hospitali, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Asiporudi, kikombe kile ndicho kwaheri yangu. Nimelia.

Ijumaa, 7 Machi
Mzima! Jana tulikaa benchini saa nne, shemeji kanilalia begani. Moyo wangu uliuma kama haujawahi kufanya mazoezi hata siku moja.
Leo mke wangu kaniuliza Jumatano nilikuwa wapi. Nikamweleza yote, mapazia na gauni. Akataka kucheka, akashika kifua. Kasema siku nyingine akiondoka nimshike mkono tu. Moyo wangu nisiufundishe kumkosa. Nikaapa.

Jumatatu, 7 Aprili
Anatembea, anafoka, amepona. Leo anaenda kwa dada yake siku tatu. Siku tatu si saa nne! Daktari gani angeuacha moyo uende hivi hivi?
Naandika haya nyuma ya mlango. Mara ya tatu. Mapazia safari hii ni ya bluu, na upepo ni mzuri. Shemeji anapiga honi, haraka zake zile zile. Sasa nasikia mke wangu ananiita.
Zimebaki dakika mbili tu.