Paneli Juu ya Paa, Mayai Chini ya Blanketi

Jumatatu, 3 Machi
Fundi ameondoka. Paneli zinameta juu ya bati! Kuzilipia nimeuza jenereta ya mke wangu. Amenuna. Mashine yake ya kutotolesha vifaranga imejaa mayai, yamebakiza siku chache, na umeme wa mtaa hukatika ovyo. Nimemweleza taratibu: sola inayoungwa na umeme wa mtaa ni ya aina mbili, yenye betri na isiyo na betri. Yetu haina. Ziada inakwenda kwenye nyaya za mtaa. Jua lipo, betri ya nini? Kaka yake kinyozi kaweka yenye betri. Ushamba mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaita majirani waitazame mita yangu ikihesabu ziada. Shemeji kinyozi kauliza umeme ukikatika itakuwaje. Nimemwonea huruma. Nikamjibu kwamba mtaa mzima utakufa, kwangu kutawaka.

Alhamisi, 6 Machi
Umekatika saa tano asubuhi. Jua la kuchoma utosi. Kwangu, kimya. Nimebonyeza kila kitufe. Hatimaye nimefungua kijitabu cha maelekezo. Kumbe mtambo usio na betri hujizima wenyewe umeme wa mtaa ukikatika, usije ukampiga shoti fundi aliye juu ya nguzo. Mpango wa busara sana. Nikaenda kumweleza mke wangu. Alikuwa ameyafunika mayai kwa blanketi letu, ameyakumbatia.
“Mwalimu,” alisema, “yaeleze mayai.”
Shemeji kaja na mkokoteni. Kabeba mashine, mayai na dada yake.

Jumamosi, 8 Machi
Bado giza. Nimekwenda kwa shemeji kuchaji simu. Kaniweka foleni nyuma ya wanaonyolewa. Mke wangu alikuwa akiyamulika mayai kwa tochi, moja moja. Mengi yamekufa. Hakuinua macho. Nilikuwa na maelezo mazuri kuhusu joto. Nimerudi nayo kwenye foleni.

Jumanne, 11 Machi
Umeme umerudi. Mke wangu pia, na mashine, na vifaranga wachache kwenye boksi. Ametoka kutafuta mayai mapya.
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: betri! Ila ni ghali. Bahati nzuri mashine iko tupu, na mnunuzi yuko njiani. Mke wangu akirudi na mayai yake atakuta umeme usiokatika kamwe. Sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.